Kaolini ya Pugu Mbele ya Eksirei

Udongo mweupe wa vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, kusini-mashariki ya eneo la Picha ya Ndege, Kibaha, nchini Tanzania, ni kaolini, malighafi ya vyombo vya kauri, karatasi na rangi. Jina la Pugu liliingia katika maandishi ya sayansi ya madini mwaka 1954, R. H. S. Robertson, G. W. Brindley na R. C. Mackenzie walipochapisha uchunguzi wa udongo huo katika jarida la American Mineralogist. Sampuli iliyoitwa Pugu K ikawa mfano maarufu wa kaolini ambayo fuwele zake hazikupangika vizuri.

Uchunguzi wa aina hiyo, wa kutumia eksirei, ulianzia Munich mwaka 1912, Max von Laue na wenzake walipoonyesha kuwa fuwele hutawanya eksirei kwa utaratibu. Punde William Lawrence Bragg akatoa kanuni inayounganisha pembe ya mwale, urefu wa wimbi na nafasi kati ya matabaka ya atomi. Matabaka ya kaolini yameachana kwa nanometa 0.715 hivi, kwa hiyo eksirei ya shaba, yenye wimbi la nanometa 0.154, huakisiwa nayo kwa nguvu inapoyapiga kwa pembe ya nyuzi 6.2.

Ili pembe kama hiyo ipimwe kwa usahihi, fuwele kubwa, kama ya silikoni, hufungwa kwenye goniometa, kifaa cha kugeuza sampuli na kupima pembe. Kwanza hupandishwa au kushushwa hadi uso wake uzibe nusu ya mwale. Uso ukiwa chini kwa milimita 0.1 tu, na kigunduzi cha eksirei kiko milimita 200 kutoka hapo, pembe kinayoisoma hukosea kwa karibu nyuzi 0.06. Kisha kigunduzi hutulizwa mahali pake, na fuwele huyumbishwa kidogo kidogo huku na huku. Nguvu ya mwale ikichorwa kwa kila pembe, hutokea kilele. Mchoro huo ndio grafu ya kuyumbisha. Baada ya hapo fuwele huinamishwa kidogo upande na kuyumbishwa tena, mpaka kilele kiwe kirefu na chembamba kadiri inavyowezekana. Hatua hii haifai kurukwa kamwe. Fuwele iliyokaa vibaya hutoa kilele kipana, na mpimaji hudhani kasoro imo ndani ya fuwele, kumbe iko kwenye mkao wake.

Chembe za udongo, nyingi zikiwa chini ya maikrometa 2, hazishikiki moja moja. Maji ndiyo huzipanga. Udongo huvurugwa majini, na baada ya saa 4 hivi sentimita 5 za juu hubaki na chembe hizo ndogo tu. Maji hayo hunyonywa kwa pipeti, hudondoshwa juu ya kioo na kuachwa yakauke polepole, na vibamba vya kaolini hulala bapa kama karata zilizomwagwa mezani. Kioo hicho nacho kikiyumbishwa, upana wa kilele huonyesha vibamba vimelala sawasawa kiasi gani. Kwa silikoni safi upana huo hupimwa kwa sekunde za pembe. Kwa udongo ni nyuzi kadhaa nzima.

Hapo ndipo udongo wa Pugu unapofundisha zaidi. Ukilazwa kwenye kioo, vilele vya matabaka yake huonekana mahali pake, maana nafasi kati ya matabaka haikuharibika. Kasoro iko kwingine: tabaka moja limeteleza pembeni juu ya jingine kwa theluthi ya kipimo cha msingi cha fuwele, bila utaratibu. Kwa hiyo vilele vidogo ambavyo katika kaolini nzuri husimama kila kimoja peke yake, kigunduzi kikiwa kati ya nyuzi 20 na 24, hufifia na kuungana. Vilele hivyo havionekani vizuri vibamba vikiwa vimelala. Ni lazima unga mkavu ujazwe bila kushindiliwa, ili vibamba vielekee kila upande. Sampuli kama ya Pugu basi hupimwa mara mbili, kwenye kioo kutambua madini yaliyomo, na katika unga kujua matabaka yamepangana vipi.

Mwaka 1963 mtafiti Hinckley alivigeuza vilele hivyo vidogo kuwa kipimo cha namba: kaolini iliyopangika vizuri hupita 1, na iliyovurugika hubaki chini yake kabisa. Namba hiyo nayo hupotoka unga ukishindiliwa.