Taa 202 zilizokataliwa na barabara

Wapenda mitambo ya kale, hii ni yenu. Desemba 2000 msanii Chris Burden alikuwa akizunguka soko la vitu kuukuu la Rose Bowl, Pasadena, Marekani, akakuta nguzo za taa za barabarani, za chuma cha kusubu, zikiuzwa. Akanunua mbili. Baada ya hapo hakuacha! Nyingi alizokusanya zilimulika barabara za kusini mwa California miaka ya 1920 na 1930, enzi ambazo taa ya mtaani ilitiwa nakshi. Miji ilipobadili taa, zikageuka chuma chakavu.

Kuzipata ni nusu tu ya kazi (aliyewahi kufufua kompyuta kuukuu ananielewa). Zilisafishwa, zikatiwa nyaya mpya, kisha zote zikapakwa rangi ya kijivu. Hapo sikubaliani naye: nguzo za miji mbalimbali sasa zaonekana kama zimetoka kiwanda kimoja. Lakini afadhali kijivu kuliko kuyeyushwa.

Mwaka 2008 taa 202 zilisimamishwa mbele ya jumba la sanaa la LACMA, Los Angeles, kwa jina Urban Light. Burden alifariki 2015. Mwaka 2018 balbu zikabadilishwa kuwa za LED; nguzo ni zile zile.