Haki ya Shimo la Bench

Wasimulizi wa safari ya Apollo 12 hawachoki na visa viwili: radi iliyopiga roketi mara mbili ikipaa, na mwanaanga Alan Bean aliyeielekeza kamera ya televisheni kwenye jua ikaharibika. Shimo la Bench hulipita kimya. Wachache wanaolikumbuka nao hulivika kilemba cha ukoka, eti kimondo kilichopatikana hapo ndicho cha kwanza kugunduliwa nje ya Dunia.

Shimo hilo limo katika Bahari ya Dhoruba, uwanda wa lava iliyoganda zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Novemba 1969 Bean na mwenzake Pete Conrad walipita hapo wakachota udongo, ukapewa namba 12037. Kipande cha kimondo, cha milimita chache tu, kilikuwa humo, lakini hakuna aliyekitangaza hadi mtafiti Harry McSween alipokieleza mwaka 1976 kuwa kondriti ya kaboni, aina ya kimondo cha mawe. Kufikia hapo chembe ya kimondo ya Hadley, iliyoletwa na Apollo 15 mwaka 1971, ilikuwa imeandikiwa ripoti tangu 1972. Uzito wa chembe hiyo ni kama miligramu 3; sisi tuliozoea Kimondo cha Mbozi na matani yake tungeipangusa kama vumbi.

Bench haihitaji sifa ya kuazima. Mwezini hakuna hewa ya kupunguza kasi ya vimondo, kwa hiyo vingi hugeuka mvuke vinapogonga. Ndiyo maana akina Edward Anders wa Chicago walitafuta iridi na dhahabu, ambazo ni haba mno katika miamba ya Mwezi, wakakadiria kuwa asilimia 1 hadi 2 ya udongo ni mabaki ya vimondo. Hiyo ilikuwa hesabu ya kemia. Bench ilitoa jiwe lenyewe, tena miaka ya 1990 Michael Zolensky na wenzake wakakuta humo madini yaliyoshikilia maji, wakati Mwezi ulisifika kwa ukavu! Hata mgongano na Mwezi haukuyamaliza.

Baadaye Katherine Joy na wenzake walikuta vipande vya vimondo vya kale zaidi katika miamba ya Apollo 16.

Basi waandishi waweke rekodi sawa: Bench iliokotwa kwanza, Hadley ilitambuliwa kwanza.