Unene, Wembamba na Historia ya Mwili wa Mwanamke wa Karagwe

Mwishoni mwa mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke alifika Bweranyange, makao makuu ya Omukama Rumanyika wa Karagwe. Rugu ya leo ilikuwa ndani ya himaya hiyo. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863, Speke alisimulia habari za wanawake wa nyumba ya mfalme waliolishwa maziwa hadi wasiweze kusimama. Mmoja wao, shemeji wa mfalme, alimpima: mzunguko wa mkono inchi 23, kifua inchi 52. Kando yake binti wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa, baba akimsimamia kwa fimbo. Vipimo vya mama huyo tunavyo hadi leo. Jina lake Speke hakuliandika.

Wasomaji wa Ulaya waliona kioja. Karagwe waliona jambo jingine: mwanamke mnene ni ushahidi wa ng'ombe wengi na wa mikono isiyoshika jembe. Unene ulikuwa lugha ya utawala, nao wake za wakulima, waliolima migomba na kubeba kuni, hawakuwa na fursa ya kuuzungumza.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera. Kwa jirani zetu wa Uganda ugonjwa huo uliitwa "slim", yaani wembamba. Kupungua uzito kukawa hukumu mbele ya majirani, na kunenepa kukawa hati ya usalama. Hivyo historia, kwa njia mbili zilizo mbalimbali kabisa, iliufundisha mkoa huu kuuheshimu mwili mnene.

Sayansi nayo ilikuwa na safari yake. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, ikatazamwa kwa miongo mingi kama dawa ya kisukari tu. Baadaye ilibainika kwamba homoni hii, pamoja na nduguye aitwaye IGF-1, huziambia seli zikue na zigawanyike. Mwaka 1998 Susan Hankinson na wenzake, wakichunguza damu ya wauguzi wa Marekani, walichapisha katika jarida la The Lancet kwamba wanawake ambao hawajakoma hedhi, wenye IGF-1 nyingi, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya matiti. Maziwa huongeza IGF-1 damuni kwa kiasi fulani, lakini hilo si ushahidi kwamba maziwa huleta saratani, na nisinukuliwe hivyo.

Unene wenyewe una habari iliyo wazi zaidi, ila kwa sharti la umri. Hedhi inapokoma, mafuta ya mwili ndiyo yanayobaki kuwa kiwanda kikuu cha estrojeni. Insulini ikizidi, hupunguza protini inayoifunga estrojeni hiyo, nayo huzagaa huru hadi kwenye matiti. Kabla ya hedhi kukoma, uhusiano huo hauonekani. Pengine hata hugeuka. Kwa hiyo bango linalomwambia kila mwanamke "punguza unene uepuke saratani" halisemi kweli yote, na kwa bibi wa Rugu aliyezika watoto waliokonda, linasikika kama tusi.

Nchini Tanzania, utafiti wa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta kisukari vijijini kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vilitofautiana, lakini mwelekeo hauna ubishi: insulini iliyovurugika si tena ugonjwa wa ikulu.

Wakati huohuo, anayegundua uvimbe titini huko Rugu bado huanza na safari ya Kayanga, kisha Bukoba, na akihitaji mionzi huvuka hadi Bugando, Mwanza, au hufika Ocean Road, Dar es Salaam. Watumishi wa afya wanaopanga bajeti za halmashauri wanaijua nauli hiyo. Wengi wa wagonjwa wetu hufika wakiwa wamechelewa, na katika kuchelewa huko homoni hazina kosa lolote.