Kalenga na Serikali ya Jimbo

Kijiji cha Kalenga kipo kando ya Mto Ruaha Mdogo, mwendo usiotimia nusu siku kwa miguu kutoka mji wa Iringa. Mpita njia ataona mashamba, nyumba, na jengo dogo la makumbusho ambamo limehifadhiwa fuvu la kichwa cha mtu. Hapana kubwa jingine la kumshangaza. Lakini hapa palikuwa na ngome ya Mkwawa, na kwa muda wa miaka 70 hivi swali moja lilirudi Kalenga mara kwa mara: mtawala wa nchi hii hupata wapi amri yake, kwa watu anaowatawala au kwa mkubwa aliye mbali?

Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliunganisha nchi ndogo ndogo za Uhehe katikati ya karne ya 19. Mtwa alikuwa juu, na chini yake wazagila waliokaa katika nchi zao, wakikusanya askari, wakiamua kesi, na kuleta habari Kalenga. Serikali hii haikuwa ya upole. Hata hivyo ilijulikana na watu wake, na nguvu yake ilionekana Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Wadachi lilipovunjwa na jemadari wake Zelewski akauawa. Wadachi walirudi, wakaitwaa Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akapigana porini mpaka Julai 1898, alipojiua mwenyewe asikamatwe.

Mwisho wa mwaka 1896 Kapteni Tom von Prince alimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Kabla ya miezi mitatu kutimia alimnyonga kwa shaka kwamba anamsaidia kaka yake. Mtu aliyepewa kiti na boma aliweza kunyang'anywa kiti na roho pamoja, na hakuna baraza lililoulizwa. Tangu hapo Wadachi hawakutaka Mtwa. Wakubwa wadogo wakawa wanaitikia boma la Iringa moja kwa moja.

Waingereza walikuja na shauri jingine. Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliigawa Tanganyika katika majimbo, na mwaka huo huo ikatoka sheria ya serikali za wenyeji. Sapi, mwana wa Mkwawa, akarudishiwa kiti. Baadaye Iringa na Mbeya zikawa pamoja katika Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini. Kila jimbo lilikuwa na kamishna wake, na kila wilaya Bwana Shauri wake. Mtwa alikuwa na baraza na hazina. Sehemu ya kodi ilibaki kwake kulipa makarani na kazi za nchi.

Mtu akilisikia neno jimbo asifikiri Kanada. Huko, kwa sheria ya mwaka 1867, jimbo lina bunge lake lililochaguliwa, na waziri mkuu wake huanguka akipoteza imani ya bunge hilo. Shule, hospitali na ardhi ni mambo yake, wala serikali ya Ottawa haiwezi kumwuzulu kwa barua. Taji lilikuwa moja, Kanada na Tanganyika, lakini kamishna wa jimbo wa Tanganyika hakuchaguliwa na mtu hata mmoja wa jimbo lake. Alikuwa mkono wa Gavana. Mtwa naye, ingawa alikuwa na damu ya Mkwawa, alikaa kwa ridhaa ya mkono huo. Mwaka 1940 Sapi aliondolewa, akawekwa mwanawe Adam Sapi, kijana wa miaka 20.

Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Twining alifika Kalenga na fuvu lililotoka katika makumbusho ya Bremen. Mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliagiza lirudishwe katika miezi sita. Miaka 35 ilipita. Lilikuwa jambo la haki, na hapana shaka lilikuwa na siasa pia, kwani serikali ilitaka heshima ya watemi iwe nguzo yake. Siku 18 baadaye chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam.

Adam Sapi hakung'ang'ania nguzo ile. Novemba 1962 alichaguliwa kuwa Spika, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Na mwaka 1963 Bunge aliloliongoza likafuta sheria ya utemi, pamoja na cheo alichorithi yeye. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa mtu aliyesimamia namna hiyo kufungwa kwa mlango wa nyumba yake.

Majimbo nayo yakaondoka, ikaja mikoa. Mkuu wa Mkoa aliteuliwa na Rais, naye alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa na mbunge kwa cheo chake. Kwa jambo hili urithi wa kamishna ulibaki: amri ilishuka kutoka juu. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, katika mgogoro wa vijiji vya ujamaa huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima aliyekuwa akilima siku hiyo. Mwaka uliofuata halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zilifutwa kabisa, zikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mkoa wenyewe umekwisha kumegwa, Njombe ikawa mkoa mwaka 2012. Mkuu wa Mkoa bado huteuliwa.

Adam Sapi aliendelea na kiti cha Spika, akikiacha mwaka 1973 na kukirudia 1975, hadi 1994. Alifariki mwaka 1999. Neno jimbo limebaki kwa maana nyingine, yaani eneo la kumchagua mbunge, na mojawapo ya majimbo hayo huitwa Kalenga.