Umeme wa Nyumba na Umeme wa Gari Katika Kipawa

Mtu atokaye Tazara kuelekea kiwanja cha ndege, akiifuata barabara ambayo wenyeji wa zamani bado huiita ya Pugu ingawa leo yaitwa ya Nyerere, huingia katika upande wa mji wa Dar es Salaam ambao riziki ya wengi imo katika vyuma, spea na nyaya. Huko Kipawa na jirani zake Vingunguti na Kiwalani hukaa mafundi umeme wa namna mbili, ambao kwa muda mrefu wamekuwa majirani bila ya kuazimana ilimu: fundi wa majumbani, mwenye testa mfukoni na koili ya waya begani, na fundi wa magari, aitwaye rewaya, ambaye kutwa yu chini ya dashibodi. Jina la umeme limewaunganisha, lakini kaida za kazi zao zina ikhtilafu kubwa. Na ikhtilafu hiyo haidhihiriki popote kama ndani ya gari-nyumba kuukuu, lenye kitanda, jiko na soketi ukutani, linapoletwa gereji kwa sababu soketi zake zimekufa.

Asili ya fundi wa majumbani ni ya tangu mwaka 1908, Wadachi walipoleta umeme Dar es Salaam kwa ajili ya karakana ya reli na mitaa waliyokaa wao wenyewe. Waingereza walipokwisha kuitwaa nchi walianzisha idara ya umeme ya serikali mwaka 1920, na mwaka 1931 wakaikabidhi kazi hiyo kwa kampuni mbili, Tanesco na Daresco, ambazo hazikuunganishwa mpaka mwaka 1964. Mwaka huohuo bwawa la Hale, katika mto Pangani, lilianza kazi. Na mwaka 1975 likafuata la Kidatu, ambalo nguvu zake ziliuwezesha mji kuenea. Pamoja na umeme huo wa volti 230 zilikuja sheria za Kiingereza: waya mwekundu ulikuwa wa moto, mweusi nyutro, wa kijani ethi, na plagi za pini za mviringo zikaanza kuzipisha zile za pini tatu za mraba, zenye fyuzi ndani, zilizowekewa kanuni Uingereza mwaka 1947. Mwanafunzi wa ufundi alizihifadhi rangi hizo kwa moyo, na katika nyumba za hapa zilimfaa sana.

Fundi wa magari alisoma katika chuo kingine. Umeme wake ni wa betri, wa volti 6 katika Volkswagen za zamani na wa volti 12 katika zilizofuata tangu mwaka 1967. Tena waya wake ni mmoja tu, kwa kuwa njia ya kurudia betrini ni bodi yenyewe ya gari. Lakini gari lililochukua umeme wa kutumika kama wa nyumbani si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1935, kutoka Vugiri katika milima ya Usambara, ulianza mradi wa sinema za mafunzo kwa Waafrika, na lori lake likazunguka Tanganyika na nchi jirani likiwa limebeba mashine ya kuonyeshea na mtambo wake wa umeme, hata watu waliokuwa hawajapata kuiona taa ya umeme wakatazama picha zikitembea juu ya kitambaa. Baadaye yalikuja magari ya sinema ya serikali, kisha Kombi za wasafiri, ambazo kiwanda cha Westfalia cha Udachi kilianza kuzitia vitanda na makabati mwaka 1951. Na biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 yakamiminika magari yaliyokwisha kutumika Japani, ambako umeme wa nyumba ni wa volti 100.

Almuradi, gari-nyumba ni mahali ambapo historia zote hizo hukutana ndani ya ukuta mwembamba wa mbao. Lina umeme wa betri kwa taa na pampu ya maji, na lina umeme wa nyumba kwa soketi, uingiao kwa kebo kutoka nje au kwa jenereta. Likiwa limetengenezwa Marekani, umeme huo ni wa volti 120, na waya mweusi, ambao kwa fundi wa Kipawa aliyezoea rangi za zamani za Kiingereza ni nyutro, huko ndio wenye moto, na mweupe ndio nyutro. Hapo mtu aliyeihifadhi rangi bila ya kuijua maana yake hujitia katika hatari, maana mkono wake utauendea waya wa kifo kwa amani kabisa.

Kwa hiyo fundi mahiri haanzi kwa bisibisi, bali kwa maswali. Umeme unatoka wapi, na ni wa volti ngapi? Zimekufa soketi zote au za upande mmoja? Ikiwa zote, huitazama kebo, plagi na sakiti breka. Ikiwa ni za upande mmoja, hukumbuka kwamba katika magari hayo soketi aghalabu zimefuatana, moja ikiilisha nyingine, basi kosa huenda likawa katika ile ya mwisho iliyo hai au ya kwanza iliyokufa. Hushika mita, akapima mara tatu: baina ya moto na nyutro, baina ya moto na ethi, na baina ya nyutro na ethi. Ikiwa kipimo cha kwanza hakina kitu ilhali cha pili kimetimia, moto umefika ila nyutro imekatika njiani. Ndipo huuzima umeme, akauchomoa kabisa, akapima tena ili ahakikishe umekwisha, kisha akaifungua soketi. Na mara nyingi huikuta skrubu iliyolegezwa na mitikisiko ya barabara, pamoja na waya uliopata kutu na plastiki iliyobabuka kwa joto.

Hatari iliyo kubwa huzaliwa pale ustadi wa upande mmoja unapotumika upande wa pili. Rewaya aliyezoea kuirudishia taa njia yake kwenye bodi, akiikuta nyutro imekatika, huenda akaiunga kwenye bodi vilevile, na soketi itafufuka mara moja, na mwenye gari atafurahi na kulipa. Lakini siku kiungo cha ethi kitakapoachia, au moto na nyutro vitakapobadilishana nafasi katika plagi ya nje, bodi nzima itakuwa na umeme, na atakayeshika mlango akiwa amesimama juu ya ardhi yenye maji ndiye atakayelipa mara ya pili. Ndiyo sababu ethi hufungwa kwenye bodi, lakini nyutro, gari linapolishwa kutoka nje, haiguswi nayo.

Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, vijana wengi wa mji huu wamepata vyeti, na Kipawa yenyewe ina chuo cha mamlaka hiyo. Hata hivyo umeme wa majumbani na umeme wa magari bado hufundishwa kama fani mbili. Mgawanyo huo ulikuwa na haki yake zamani, nyumba zilipokaa mahali pamoja na magari yakawa ya kwendea tu. Leo, ambapo magari ya wagonjwa, maduka ya magurudumu na mabasi yenye soketi kila kiti yamekuwa mengi kuliko magari-nyumba yenyewe, fundi ajuaye upande mmoja tu amejua nusu ya kazi yake, na nusu aliyoikosa ndiyo iuayo.