Hadina Tatu za Sakafu

Mtajie fundi rangi wa magari neno hadina, ataelewa mara moja: ni kile kikopo kidogo kinachouzwa pamoja na rangi, ambacho bila kukichanganya rangi haikauki. Sasa mpeleke kwenye karakana ya manispaa, yanakotengenezwa magari ya taka na magreda, umwambie kuwa sakafu inatoa vumbi na inataka hadina. Atauliza rangi iko wapi. Si kosa lake. Kiingereza kimelitwika neno hilo kazi tatu, nasi tumelipokea na mzigo wake wote.

Kwa sakafu, hadina ya kikopo ni nusu ya epoksi: huungana na utomvu wa kopo la pili hadi mchanganyiko ugande. Jina kigandishi linaitosha. Nyingine ni chembe za mawe magumu au chuma zilizochanganywa na saruji, zinazonyunyizwa juu ya zege bichi na kusuguliwa kwa mwiko. Hiyo na iitwe mnyunyizo. Kwa sakafu kuukuu haifai kitu, labda umwage zege jipya juu yake.

Inayobaki ndiyo dawa ya vumbi. Ni maji yenye silikati ya sodiamu, ya potasiamu au ya lithiamu, na zege huyanywa. Ndani ya vinyweleo silikati hukutana na chokaa iliyobaki saruji ilipokuwa ikiganda, na viwili hivyo huzaa kitu cha jamii ileile inayoipa saruji nguvu. Matundu hujaa, uso hukaza. Juu hakuna ngozi yoyote, kwa hiyo hakuna cha kubanduka. Naiita kikazazege, kwa kufuata kipimajoto na kizimamoto. Wapo wanaopendelea kigumishi, lakini jina hilo linaifaa hata epoksi, na hapo tunarudi kulekule.

Kikazazege hukaza kilichopo tu. Mara nyingi vumbi lilizaliwa siku ya kumwaga: zege lilizidishwa maji, au fundi alisugua uso maji yakiwa bado yanapanda, au hakuna aliyelimwagilia siku zilizofuata. Uso dhaifu wa namna hiyo sharti ukwanguliwe kwanza kwa grenda. Tena katika sakafu ya miaka mingi, hewa ya kaboni imekwisha kuila chokaa ya juu, na silikati haikuti cha kuungana nacho mpaka ufikie zege la chini yake. Kazi hiyo ifanywe kwa maji, na barakoa ya vumbi ivaliwe. Vumbi la zege lina silika, nayo huacha makovu kwenye mapafu.

Mashimo yana dawa yake. Kata kingo ziwe wima, toa zege lililolegea na lililokunywa oili, lowesha bila kuacha dimbwi, sugulia uji wa saruji, kisha jaza kabla uji haujakauka. Mwagilia siku 7. Njia ya mkato inayopendwa ni kupiga niru sakafu nzima. Inapendeza siku ya kukabidhi kazi. Jeki ya kwanza ikiwekwa, inabanduka.

Pale panapochajiwa betri kikazazege hakitoshi, kwa kuwa asidi hula saruji hata iliyokazwa. Hapo epoksi inastahili bei yake, ila kwanza pimeni unyevu: bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, zibeni kingo zote kwa utepe wa gundi, na mkifungue baada ya saa 16. Kikitoka jasho, au zege likiwa limebadilika rangi, epoksi itavimba malengelenge.

Ombi langu ni kwa maofisa ugavi wanaoandaa zabuni: msiandike "hadina ya sakafu" mkaishia hapo. Andikeni kama mnataka kigandishi, mnyunyizo au kikazazege, na ukarabati wa mashimo uwe na mstari wake na bei yake.