Ngoma ya Walokele na Kompyuta ya Kuvaliwa

Kompyuta ya kwanza ya kuvaliwa mwilini iliundwa Marekani na Edward Thorp na Claude Shannon, ikajaribiwa Las Vegas mwaka 1961 katika mchezo wa ruleti. Ilikuwa na transista 12 na ukubwa wa pakiti ya sigara. Mvaaji aliipa habari kwa kubonyeza swichi kwa vidole vya mguu kiatuni. Nayo ilimjibu mwenzake kwa redio, kwa toni nane zilizosikika sikioni, kila moja ikiwakilisha sehemu ya gurudumu.

Makala haya hayadai kwamba wataalamu hao walijifunza lolote Kisangani. Yanadai tu kwamba swali lao, yaani jinsi ya kugawa kazi baina ya chombo na sikio, lilikwisha kujibiwa kando ya mto Kongo.

Walokele, wavuvi waishio mtoni chini ya Kisangani, huchonga gogo likawa ngoma isiyowambwa ngozi. Uwazi wake una midomo miwili: mmoja hutoa toni ya juu, mwingine ya chini. Zinatosha, kwani Kilokele ni lugha ya toni. Maneno «alambaka boili» humaanisha ama «aliutazama ukingo wa mto» ama «alimchemsha mama mkwe», kutegemea toni. (Mpiga ngoma na awe mwangalifu.) Lakini ngoma hupoteza irabu na konsonanti, hivyo maneno mengi hufanana. John Carrington, mmishonari wa Yakusu, alieleza tiba yake mwaka 1949: neno hurefushwa kuwa fungu zima. Mwezi hutajwa kuwa mwezi uitazamao dunia kutoka juu. Mwaka mmoja kabla yake, Shannon alikuwa ameonyesha kwa hisabati kwamba ujumbe upitao penye kelele huokolewa na ziada kama hiyo.

Kompyuta yao haikushindwa na hesabu, bali na waya mwembamba wa sikioni uliokatika mara kwa mara. Hapakuwa na njia ya pili.

Kiswahili, kilichofika Kisangani mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na watu wa Tippu Tip, hakina toni za kutofautisha maneno; kina mkazo tu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo hakiwezi kupigwa ngomani kwa njia ya Kilokele. Kila kijana wa Kilokele aliyehamia lugha yetu aliiacha ngoma na msikilizaji mmoja pungufu, na tayari katika miaka ya 1950 Carrington aliona vijana wakiacha kujifunza kuisikiliza.